Sigara haikuhesabiwa

Tulimzika rafiki yetu tuliyemwita Mwalimu saa kumi alasiri, na saa kumi na moja haijagonga tulikuwa tumeshawasha. Watu sita tumeegemea ukuta wa makaburi upande wa nje, kanzu zina udongo magotini, kiberiti kimoja kinazunguka. Hakuna aliyesema neno. Mimi nilikuwa wa tatu kuwasha na nilivuta kwa pupa, maana tangu asubuhi tulipokwenda kumwosha marehemu sikuwa nimepata upenyo.

Mwalimu hakuuawa na unga, yaani heroini. Unga aliuacha miaka kumi na moja kabla ya siku ile na hakurudi hata mara moja. Kilichomwondoa ni kifua. Enzi za maskani, vijiwe vya watu wa unga, aliugua TB, akameza dawa miezi sita, akapona, mapafu yakabaki na makovu. Juu ya makovu hayo akaendelea kupitisha pakiti moja kwa siku. Miezi ya mwisho alikuwa analala amekaa, mito mitatu mgongoni, na kutoka kitandani hadi mlangoni alikuwa anapumzika njiani kama mtu anayepanda mlima. Nilikuwa nampelekea ndizi na maji. Mara mbili nilimpelekea na sigara, kwa sababu aliniomba, na kwa sababu nilijua ningekuwa mimi ningeomba vilevile.

Pale makaburini mzee mmoja alisimama akasema marehemu amekufa akiwa safi. Tukaitikia. Kwa sisi tuliotoka kwenye dawa za kulevya hakuna sifa inayozidi hiyo. Safi maana yake hana unga, hana pombe, hana bangi, hana vidonge. Sigara haimo. Mimi tarehe yangu ni 14 Aprili 2012, naijua kuliko siku yangu ya kuzaliwa, na kila mwaka ikifika napigiwa simu za pongezi. Katika miaka yote hiyo hajatokea mtu hata mmoja akaniuliza nina siku ngapi bila sigara. Na mimi sikujiuliza.

Nimeandika humu mengi kuhusu unga, mengine nikitazama nyuma naona yalikuwa ya kujionyesha. Kuhusu sigara sijawahi kuandika mstari. Leo naandika, na sijamaliza kazi yenyewe, kwa hiyo usitegemee ushuhuda wa aliyeshinda.

Nilizaliwa Tanga, Ngamiani. Sigara nilianza na vipisi vya mjomba. Mjomba wangu alikuwa anazima sigara katikati, anaiweka dirishani amalizie baada ya kula, nami nikajifunza kupiga pafu mbili na kuirudisha palepale, kichwa upande ule ule. Nadhani alijua. Miaka minne baadaye nikakutana na kokteli. Kwa wasiojua: watu wengi wa pwani unga hawakuanza na sindano, walianza na msokoto wenye tumbaku, bangi na unga kidogo. Ndiyo kokteli hiyo. Sindano inakuja baadaye, fedha zikipungua na mwili ukizoea. Kwa hiyo kwetu sisi sigara haikuwa jirani tu wa unga. Ilikuwa chombo chake cha usafiri. Mkono uleule, vidole vilevile, kiberiti kilekile, namna ileile ya kufumba jicho moja moshi usikuingie. Leo naendesha bajaji Temeke, kwa hiyo naweza kusema kwa lugha ya kazi yangu: nilimshusha abiria nikaendelea kulipa mafuta ya gari.

Mwaka 2012 mama aliuza cherehani yake ili nipelekwe soba, nyumba ya kuachia dawa za kulevya, huko Unguja. Methadoni, dawa ya hospitali wanayopewa wanaoacha unga, ilikuwa imeshaanza kutolewa Muhimbili tangu 2011, na jirani mmoja alimshauri anipeleke huko. Mama akakataa. Si kwamba aliidharau dawa, ila Dar ndiko zilikokuwa maskani zangu, na yeye alitaka bahari iwe katikati. Nilipanda boti nikiwa na arosto, yale mateso ya kukosa unga, ya tangu jana yake: miayo isiyoisha, mafua, mifupa inauma kama inachongwa kwa ndani. Nilitapika njia nzima. Abiria wenzangu walinionea huruma wakidhani ni mawimbi, mama mmoja akanipa ndimu.

Soba za Unguja zilikuwa bado changa wakati ule, ya kwanza ilifunguliwa 2009, na kilichonishangaza ni kwamba waliokuwa wanaziendesha walikuwa mateja wa jana. Chumba chetu kilikuwa na watu wanane. Kitanda cha juu yangu alilala mtu mrefu, mkimya, ambaye alifundisha hesabu sekondari kabla unga haujamtoa darasani. Usiku wa tatu sikuwa nimelala hata lepe. Nilikuwa nimejikunja ukutani, napanga kutoroka, nimeshaamua hata ukuta nitakaoruka. Mwalimu akateremka, akanishika mkono bila kuuliza kitu, tukatoka kukaa kwenye ngazi. Akawasha moja, akavuta, akanikabidhi.

"Vuta," akaniambia. "Hii haihesabiwi."

Sitaki kuisingizia ile sigara. Usiku ule ilinizuia nisiruke ukuta, na huenda ningeruka nisingekuwa hapa kuandika. Mtu ambaye hajawahi kuwa na arosto anaweza kuhubiri anavyotaka.

Lakini ngojeni niwaeleze sigara ilivyokuwa pale soba, maana huko ndiko nilikojifunza kuvuta kwa kweli. Nje nilikuwa mvutaji wa hovyo, nikipata navuta, nikikosa sikosi usingizi, unga ulikuwa unanitosha. Soba ndiyo iliyonipa ratiba. Jumapili familia zilileta sabuni, sukari, dawa ya meno na sigara. Msimamizi alizitunza, anagawa tano kwa siku: baada ya chai, baada ya mkutano wa asubuhi, baada ya chakula cha mchana, baada ya alasiri, na moja ya kulalia. Siku nzima ilipimwa kwa hizo tano. Zamu ya kusugua vyoo iliuzwa kwa sigara moja. Kufuliwa shuka, moja. Kipisi cha mwisho, kile cha kuunguza midomo, kilikuwa zawadi unayompa rafiki. Na mtu akichelewa kupewa ya baada ya chai, tulikuwa tunamwona anavyokuwa: anazunguka, anagombana na kijiko. Tulicheka. Hakuna aliyesema kwamba hali ile tuliijua kwa jina.

Kuna jambo moja la haki nalo niliseme. Mikutano ilikuwa ndani, lakini ukweli ulikuwa unasemwa nje. Ndani mtu anashea habari iliyopangika, amepiga pasi kila neno. Mkutano ukiisha, tumechuchumaa ukutani na sigara, hapo ndipo mtu anasema, "Jamani, mimi mdogo wangu niliuza hadi viatu vyake vya shule." Nimewaza sana kama ule ukweli ulitoka kwa sababu ya sigara au kwa sababu ya kuchuchumaa pamoja tukitazama chini. Siku hizi naona kuchuchumaa kungetosha, lakini nani angetuita tuchuchumae bila sababu?

Nilikaa pale miezi minne kama mgonjwa na zaidi ya mwaka mmoja kama msaidizi wa nyumba. Nikawa na mimi wa kutoa ushauri, na ushauri niliourithi na kuurithisha ulikuwa huu: usiache vyote kwa mpigo. Acha kilichokuwa kinakuua kwanza, sigara utaiacha ukishatulia. Nilikuwa nausema kwa sauti ya mtu anayejua. Kutulia kwenyewe hakukuwa na tarehe.

Akaletwa dogo mmoja wa miaka ishirini. Tatizo lake lilikuwa pombe kali na vidonge, na alikuwa kitu adimu mle ndani: hakuwa anavuta. Wiki ya kwanza alikuwa hawezi kukaa, anatingisha goti hadi benchi zima linatetemeka, na mapumziko yakifika sote tunatoka, yeye anabaki peke yake na jagi la maji. Nilimwonea huruma. Jioni moja nikamwita kwenye zile ngazi, nikawasha, nikamkabidhi. Maneno niliyomwambia mnayajua, kwa sababu nilikuwa nimeyapokea palepale. Alikohoa hadi machozi. Siku ya pili akaja mwenyewe.

Hiyo habari nilikuwa nimeisahau kabisa. Ilinirudia ukutani mwa makaburi.

Baada ya msiba nikawa nasoma kwenye simu nikisubiri abiria kijiweni. Nilianza na mtu ambaye sisi wa mikutano ya hatua 12 za kuacha uraibu tunamtaja kwa heshima, Bill Wilson wa Marekani, mmoja wa wawili walioanzisha mikutano ya walevi wanaoacha pombe mwaka 1935. Pombe yake ya mwisho ilikuwa Desemba 1934. Hakuinywa tena maisha yake yote. Alikufa Januari 1971, na kilichomuua ni mapafu yaliyochakaa kwa sigara na homa ya mapafu juu yake. Nilikaa na simu mkononi nikamwona Mwalimu na mito yake mitatu.

Halafu nikakuta utafiti wa Minnesota uliochapishwa 1996. Waliwafuatilia watu 845 waliotibiwa uraibu wa pombe na dawa nyingine kati ya 1972 na 1983. Waliofariki walikuwa 222. Takriban nusu ya vifo vyao vilihusiana na tumbaku, na kama theluthi vilihusiana na pombe. Yaani watu waliopelekwa hospitali kwa ajili ya pombe, tumbaku ndiyo iliyowavuna zaidi.

Nikafanya hesabu yangu mwenyewe, ya chumba kimoja. Tulikuwa wanane. Wawili walirudi kwenye unga na wamekufa nao, mmoja akiwa na sindano bado mkononi. Mwalimu, kifua. Mwingine, fundi rangi wa Tanga mwenzangu, alikatika sauti kwanza, ikaja kuonekana ni saratani ya koo, naye alikuwa mvutaji hadi siku sauti ilipokatika. Mmoja alikwenda Afrika Kusini na simu yake haipatikani tena. Tumebaki watatu, wote wavutaji. Unga mbili, sigara mbili. Mwalimu wa hesabu angesema ni sare, na mechi haijaisha.

Kilichoniuma zaidi ni utafiti wa mwaka 2004. Watafiti walikusanya majaribio 19 ya kuwasaidia watu kuacha sigara wakiwa bado kwenye matibabu ya uraibu mwingine. Mimi miaka yote nimewaambia watu kwamba ukigusa sigara mapema utarudi kwenye unga. Matokeo yalikuwa kinyume: waliosaidiwa kuacha na sigara pia walikuwa na nafasi kubwa zaidi, kwa asilimia 25, ya kubaki mbali na pombe na dawa kwa muda mrefu. Nisiwadanganye, sigara zenyewe wengi wao walizirudia baada ya muda, kazi ile ni ngumu. Ila hawakuanguka kama nilivyokuwa nawatishia watu. Ule ushauri wangu sikuupata kwa daktari wala kitabuni. Niliupata kwa wavutaji wenzangu, wakati tunavuta.

Jaribio langu la kwanza la kuacha lilikuwa wiki mbili baada ya mazishi. Nilitupa pakiti yenye sigara saba kwenye mtaro pale Tandika, kwa mbwembwe, abiria wawili wakiangalia. Siku ya kwanza nilijisifu. Siku ya pili nikagombana na kondakta wa daladala kwa kosa ambalo lilikuwa langu. Usiku nikawa silali, natembea uani, narudi, nafungua friji sina ninachotafuta, natoka tena.

Sasa mke wangu anajua dalili. Alinioa nikiwa safi, nasema alinioa kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, yeye ndiye aliyeamua, lakini kabla ya kuamua alikwenda kuuliza kila kitu kuhusu mateja kwa watu wanaojua. Silali, nahamaki, nazunguka usiku, sili vizuri halafu nakula sukari kijiko kwa kijiko. Akaunganisha. Siku ya tatu nilipokuwa kuoga alikwenda kupekua bajaji. Chini ya kiti cha dereva akakuta karatasi ya kung'aa, ya rangi ya fedha. Ilikuwa ile ya ndani ya pakiti ya sigara, ya zamani, lakini yeyote aliyewahi kuishi na mtu wa unga anajua karatasi ya fedha inatumika kwa kazi gani. Hakunigombeza. Alimpigia mama Tanga.

Mama akanipigia nikiwa kijiweni.

"Mwanangu, niambie kwa mdomo wako, usiniache nikasikia kwa watu. Umerudi?"

"Sijarudi, mama. Naacha sigara."

Akanyamaza muda mrefu, nikadhani laini imekatika.

"Sigara? Basi vuta, mwanangu. Vuta, ulale."

Nilivuta. Dakika kumi hazikupita. Nilinunua mbili dukani kwa Mangi, nikazivuta zote mbili zikifuatana, na baraka za mzazi juu. Jioni mke wangu alinikuta natoa harufu ya sigara, akapumua kama mtu aliyetuliwa mzigo. Aliniambia kitu ambacho sijui nikiweke wapi. Alisema, "Baba, mimi harufu ya sigara siichukii. Ndiyo inayoniambia hakuna kingine."

Hapo nikaelewa kwamba nikiacha peke yangu, kimyakimya, kwa kuwashtukiza watu wa nyumbani, naonekana teja. Safari ya pili nilitangaza. Nilimwambia mke wangu kabla, nikamwambia mama, nikawaambia wenzangu wa kijiweni ambao walicheka, nikamwambia na mteja wangu wa kila asubuhi.

Huyo mteja naye ana habari yake. Yuko kwenye methadoni, nampeleka Temeke hospitali kila siku, hata Jumapili na sikukuu, maana ile dawa anainywa mbele ya muuguzi, hawezi kuruka. Pale nje ya geti ukifika mapema utawaona watu waliookoka kwenye sindano, wamenenepa, wengine wamerudishiwa watoto wao, na asilimia kubwa wakishakunywa kikombe wanavuka barabara kutafuta sigara. Siwacheki. Nilikuwa nawachomea kiberiti.

Kwenye maduka ya dawa nilitafuta vibandiko vya nikotini. Vibandiko na bigijii za nikotini viko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009, nikadhani ni kama Panadol. Duka la kwanza nikapewa pipi za kifua. La pili yule dada aliniuliza kama ni vya kuacha au vya kuongeza. La tatu akasema anaweza kuagiza, akanitajia bei inayokaribia hesabu ya bosi ya wiki nzima. Sigara moja kwa Mangi ilikuwa mia mbili na hamsini, nami nilikuwa kwenye kumi na mbili kwa siku, yaani elfu tatu, yaani elfu tisini kwa mwezi. Ukipiga hesabu kibandiko ni nafuu. Ila elfu tatu inatoka kidogo kidogo, hamsini hamsini za chenji, na kibandiko kinataka fedha yote mezani.

Kwa hiyo nikaenda na Ramadhani.

Kila mvutaji Mwislamu anajua fumbo la Ramadhani. Mtu ambaye hawezi kumaliza foleni ya Mtongani bila kuwasha anakaa tangu alfajiri hadi magharibi, zaidi ya saa kumi na tatu, na hafi. Nikotini haikai mwilini, kila baada ya saa kama mbili inapungua nusu, kwa hiyo ikifika alasiri mwili wa mfungaji umeshabakiwa na tone. Ukiangalia kitaalamu, kila siku ya Ramadhani nilikuwa naacha sigara, na kila siku saa kumi na mbili na nusu jioni naanza upya. Tena naanza vibaya: tende moja, funda la maji, halafu sigara kabla hata ya uji. Ile ya kwanza inakupiga kizunguzungu hadi unashika ukuta. Nilikuwa naisubiri kuliko futari. Sala ya magharibi naisali nikiwa bado naelea, Mungu anisamehe.

Mchana haukuwa mgumu kwa sababu nilishanuia. Neno limekwisha, hakuna cha kujadiliana na nafsi. Ugomvi wote ulikuwa unaanza muda unaporuhusiwa. Basi nikaamua kwenye kumi la mwisho nitanuia hadi kulala. Baada ya futari naenda moja kwa moja msikitini, tarawehe, narudi nimechoka, nalala, daku, siku nyingine. Usiku wa nne nililia kwenye bajaji nimeegesha chini ya mwembe. Machozi hayakuwa na habari ndani yake, yalikuwa yanatoka tu.

Wiki ya pili mikono ikaanza kutetemeka na moyo kwenda mbio, hasa usiku barazani. Nikaogopa. Kichwa changu kina neno moja tu kwa hali hiyo, arosto, na neno hilo lina dawa moja tu. Nilimwambia muuguzi mmoja wa pale kwenye methadoni, akaniuliza nakunywa kahawa vikombe vingapi. Nikamwambia, zile chungu, saba, nane. Akacheka. Akanieleza kwamba moshi wa sigara unalifanya ini lisage kahawa haraka, na moshi ukikoma kikombe kilekile kinakaa mwilini muda mrefu zaidi. Nilikuwa nimelewa kahawa. Nikashuka hadi vikombe vitatu, mtetemeko ukaisha ndani ya siku mbili. Miaka kumi na tatu kwenye mikutano, sikuwahi kulisikia hilo.

Halafu mkono ukatafuta kazi nyingine. Hili nalisema kwa aibu. Kijiweni wote wanabeti, mimi nilikuwa nawaangalia kama mtu mzima anavyowaangalia watoto. Baada ya Idi nikaweka mkeka wangu wa kwanza, mia tano, timu sita za Ulaya ambazo sijui hata ziko mji gani. Tano zikaingia. Mnajua nini kilifuata. Ndani ya wiki tatu nilikuwa nimepoteza elfu sitini na mbili, na usiku mmoja mke wangu alipopita nyuma yangu niligeuza simu kifudifudi juu ya paja. Ile namna ya kugeuza. Niliijua kabla sijaifikiria. Rafiki yangu mmoja, safi wa miaka sita, aliuza friji ya ndani kwa mikeka, na tulipomkalisha akatuambia kwa ukali, "Mimi siku zangu ninazo, sijagusa kitu." Nilikumbuka sauti yake, nikafuta programu ile. Nimeiweka tena mara moja. Nimeifuta tena.

Tangu Ramadhani nimevuta sigara nne. Moja kwenye harusi, mbili siku nilipokamatwa na trafiki, moja bila sababu yoyote, na hiyo ndiyo inayonitisha. Mkutanoni niliposimama nikasema siku zangu za unga halafu nikasema na za sigara, ukumbi ulicheka. Hawakunicheka vibaya, walidhani ni mzaha wa kufungulia.

Kwenye hatua ya tisa unawaendea uliowakosea. Orodha yangu niliimaliza zamani: mama na cherehani yake, mjomba, jirani niliyemwibia betri. Mwezi uliopita niliongeza jina moja. Nilimtafuta yule dogo, nikamkuta Buguruni anatengeneza madirisha ya aluminiamu. Amekuwa mtu mzima, ana mke, pombe hajagusa. Nikamweleza kilichonileta.

"Kaka, umetoka Temeke kuja kuniomba radhi ya sigara?"

"Ndiyo."

Akacheka hadi akaanza kukohoa. Nilisubiri amalize, ikachukua muda, akainama akashika meza. Alipoinuka akafuta macho akasema nisingempa mimi angempata mwingine wa kumpa, mle ndani kila mtu alikuwa na kiberiti. Nikamwambia inawezekana, ila niliyempa ni mimi. Akanyamaza. Akatoa pakiti, akachomoa moja, akaizungushazungusha vidoleni.

"Wewe umeachaje?"

Nikamwambia habari ya futari na ya kahawa, na ya sigara nne. Aliniuliza maswali mawili kuhusu kahawa. Alikuwa na dirisha la mteja la kukabidhi kabla ya magharibi, kwa hiyo akaichomeka ile sigara nyuma ya sikio, akavaa glavu, akarudi kwenye msumeno.